Jadi, OSR, hadithi au larp ya Kinordiki: chagua kwa kilichokuudhi

Mhusika wangu wa kwanza katika mchezo wa kuigiza mezani aliishi dakika ishirini hivi. Nilikuwa nimemwandikia kurasa nne nzima: wazazi, kaka aliyepotea, kiapo cha kisasi. Akakanyaga ubao uliooza, akatumbukia shimoni, akafa. Mwendesha mchezo, yaani anayesimulia ulimwengu na kuamua kinachotokea, alinisogezea karatasi tupu, akaniambia nitengeneze mwingine, ni kazi ya dakika tano. Aliyekaa kando yangu alikuwa anacheka hadi machozi. Kwake yeye mchezo ndio kwanza ulikuwa umenoga. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna kama mtu aliyedhulumiwa mirathi.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba jioni ile tulikaa meza moja, na kitabu kimoja, tukicheza michezo miwili.

Anayetaka kuingia kwenye michezo ya kuigiza wahusika mezani kwa kawaida huuliza anunue kitabu gani, na wenyeji humtajia majina kumi kwa pumzi moja. Kitabu kinaweza kusubiri. Nyuma ya vitabu kuna mikondo, yaani jumuiya za wabunifu na wachezaji wenye imani yao kuhusu mchezo mzuri ulivyo. Ukifuatilia asili ya kila mkondo utamkuta mtu aliyeinuka mezani ameudhika, kisha akaenda kuandika kanuni za kuzuia asiudhike tena. Kwa hiyo nitailinganisha mikondo hii kwa malalamiko yake, nawe utafute linalofanana na lako.

Sanduku moja, meza tano

Chukua chumba chenye sanduku lililofungwa. Mnashuku lina mtego.

Kwenye meza ya jadi ya siku hizi, tuseme toleo la tano la Dungeons & Dragons la mwaka 2014, unasema mhusika wako anakagua sanduku, unarusha dadu ya pande ishirini, unaongeza alama za ujuzi wake, na jumla inalinganishwa na kiwango alichopanga mwendesha mchezo; 15 kwa jambo la ugumu wa wastani. Mhusika ndiye fundi wa mitego. Wewe mwenyewe huhitaji kujua lolote.

Kwenye meza ya OSR, yaani ufufuo wa mtindo wa kale, unaulizwa: unafanyaje hasa? Unajibu kwamba unasimama ubavuni mwa sanduku na kuinua kifuniko kwa ncha ya ufito wa futi kumi. Sindano yenye sumu inaruka hewani na kugonga ukuta. Hakuna dadu iliyoguswa. Akili iliyookoa maisha ni yako.

Kwenye meza iliyotokana na mchezo wa Apocalypse World unarusha dadu mbili za pande sita na kuongeza sifa ya mhusika. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu. Ukipata 7 hadi 9, umefaulu kwa gharama: sanduku limefunguka, lakini mlio wa bawaba umewaamsha waliolala chumba cha pili. Ukipata 6 au chini, mwendesha mchezo anageuza mambo, na si lazima uwe mtego. Huenda mkakuta barua tu, iliyoandikwa kwa mwandiko wa dada yako.

Kwenye meza ya wafuasi wa The Forge, ukumbi wa mtandaoni wa wabunifu huru, hakuna anayejali mtego. Wanataka kujua uko tayari kumfanyia nini mwenye sanduku ili akupe ufunguo.

Na kwenye larp ya Kinordiki, yaani mchezo ambao mnamwigiza mhusika kwa mwili mzima, hamna meza. Sanduku liko mbele yako, la mbao, zito. Ufunguo unaning'inia shingoni mwa mwenzako, na mnatazamana.

Katika matano hayo kuna moja limekusisimua na jingine limekufanya upige miayo. Yashike yote mawili.

Jadi: msimuliaji mmoja, wasikilizaji wenye dadu

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, vijitabu vitatu, nakala 1,000 katika chapa ya kwanza. Gary Gygax na Dave Arneson waliibuni, na ikatolewa na kampuni changa ya TSR huko Lake Geneva, Wisconsin. Ilizaliwa na michezo ya vita ya vinyago, na hilo lilionekana: watu walishuka mapangoni kutafuta dhahabu, na hadithi ilikuwa kile walichosimulia baada ya kutoka, kama walitoka.

Lalamiko la mkondo wa jadi lilikuja hapo. Pango la kumi linafanana na la kwanza, na zimwi limekaa chumbani likisubiri kuuawa kana kwamba halina maisha mengine. Mwaka 1981 Call of Cthulhu ya Sandy Petersen ikaja na wahusika dhaifu wanaochunguza mambo, huku utimamu wa akili yao ukihesabiwa kwa alama na kupungua kadiri wanavyojua zaidi. Mwaka 1983 Tracy na Laura Hickman wakatoa Ravenloft, kisa cha kuchezwa mezani, na adui wake, Strahd, alikuwa na majonzi na sababu zake. Mwaka uliofuata ukaanza mfululizo wa Dragonlance, ambao ulikuwa na kisa kizima kilichopangwa mwanzo hadi mwisho. Kufikia 1991, Vampire: The Masquerade ilimwita mwendesha mchezo Msimuliaji.

Unachopata hapa ni ulimwengu uliopikwa ukaiva na mtu mmoja anayeushika wote kichwani. Mwendesha mchezo hodari wa jadi anaweza kukufanya ulie kwa kifo cha mlinzi wa lango uliyemjua saa mbili tu. Sijaona mkondo mwingine unaoweza kufumba siri kwa miezi sita na kuifumbua jioni moja watu wakashika vichwa.

Gharama yake ni mbili. Ya kwanza ni kazi: saa za maandalizi zinazomwangukia mtu mmoja, na akiugua hakuna mchezo. Ya pili ni kuburuzwa. Ukishaandika sura ya tano, utahakikisha wachezaji wanafika sura ya tano hata wakitaka kwenda kwingine. Vitabu vya Dragonlance viliwashauri waendesha mchezo kwamba mtu muhimu kwa kisa akifa, afe mahali ambapo mwili wake hautapatikana, ili aweze kurudi baadaye. Nikisoma ushauri ule huwa nacheka, ingawa nami nimeutumia.

Ndani ya jadi kuna tawi jipya linalostahili kutajwa peke yake, kwa sababu huenda ndilo uliloliona kwanza. Tangu toleo la tano, na hasa tangu vipindi vya mtandaoni kama Critical Role vilivyoanza 2015, wachezaji wengi huja na mhusika aliyekamilika, mwenye historia, michoro na nyimbo zake, na wanatarajia kampeni, yaani msururu wa vikao vya kisa kimoja, imzunguke. Lalamiko lao: nimempenda mtu huyu, usimchezee. Kurasa zangu nne zingepokelewa huko kwa mikono miwili. Kampuni ya Uswidi ya Free League imelilea tawi la jirani, lenye ulimwengu mzito wa kijadi na kanuni zilizobanwa vizuri. Katika Alien yao ya 2019, woga ukipanda unaongezewa dadu, hivyo unafaulu kwa urahisi zaidi, ila kila dadu ya woga inaweza kukutia kiwewe. Kanuni moja tu, na meza nzima inapumua kwa tabu.

Ukiona kundi lako lina mtu anayefurahia kuandaa, na waliobaki wanataka kufika, kukaa na kushangazwa, basi jadi inawafaa. Pia ndiyo rahisi zaidi kuipatia wachezaji, na hilo si jambo dogo.

OSR na Apocalypse World: ndugu wasiosalimiana

Hapa ndipo wengi hukwama kuchagua, na ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu mikondo hii miwili huonwa kama maadui ilhali imezaliwa na hasira moja. Yote miwili haitaki hadithi iliyoandikwa kabla. Apocalypse World, iliyotoka 2010 na kubuniwa na Vincent na Meguey Baker, inamwagiza mwendesha mchezo acheze ili ajue kitakachotokea. Mtu wa OSR atakuambia uandae hali, usiandae kisa. Ukiweka maneno hayo kando kwa kando, kuyatofautisha ni kazi.

Tofauti ni mahali ukweli unapokaa. Kwa OSR, ramani ni kweli kabla hujafika. Shimo lilikuwa chini ya ubao ule hata kama nisingepita. Kwa upande wa pili, ulimwengu unajazwa papo hapo, na mara nyingi wewe ndiye unayeulizwa: ni nani katika mji huu anayekudai? Ukishajibu, imekuwa.

Kanuni ambazo OSR inazienzi kuliko zote ni zile za Dungeons & Dragons za mwaka 1981, hasa kitabu cha msingi cha Tom Moldvay. Pangoni muda unagawanywa kwa zamu za dakika kumi. Mwenge unadumu zamu sita. Kila zamu mbili mwendesha mchezo anarusha dadu ya pande sita, na ikitua 1, kuna kitu kinakuja. Dhahabu inayofikishwa nje salama inageuka alama za uzoefu, kipande kimoja kwa alama moja, wakati kumuua zimwi kunaleta kidogo sana. Ziunganishe hizo uone: kukawia ni hatari, hazina ndiyo maendeleo, kupigana ni biashara ya hasara. Zaidi ya hapo, mnapokutana na viumbe, dadu mbili huamua wamewapokeaje, na mara nyingi hawashambulii mara moja. Anayesema OSR ni kuua tu hajazisoma hizo kanuni, au alizisoma akaziruka.

Ufufuo wenyewe uliwezeshwa na sheria ya leseni. Mwaka 2000 Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua TSR, ilitoa leseni huria, inayowaruhusu wengine kutumia kanuni zake, pamoja na toleo la tatu la Dungeons & Dragons. Watu wakagundua wanaweza kuitumia kurudisha kanuni za zamani zilizokuwa hazichapwi tena: OSRIC mwaka 2006, Labyrinth Lord 2007, Swords & Wizardry 2008. Lalamiko lao lilikuwa kwamba kanuni zimekuwa nyingi kiasi kwamba mchezaji anatazama karatasi yake kutafuta jibu badala ya kutazama chumba. Baadaye wakaja wapunguzaji. Into the Odd ya Chris McDowall, 2014, iliondoa kabisa dadu ya kulenga: ukishambulia, umepiga, kilichobaki ni kujua umeumiza kiasi gani. Mörk Borg kutoka Uswidi ikageuza kitabu chenyewe kuwa sanaa, njano na nyeusi, ambacho watu hukinunua hata bila nia ya kucheza.

Na upande wa Baker? Hesabu yake ndiyo siri yake. Dadu mbili zina matokeo 36. Mhusika mwenye sifa ya +1 anafaulu kikamilifu kwa 10 kati ya hayo, anashindwa kwa 10, na 16 yaliyobaki yanaangukia katikati, kwenye kufaulu kwa gharama. Ndiyo kusema tokeo linalojirudia zaidi ni lile linalozaa tatizo jipya. Huhitaji kuandaa kisa. Dadu zinakipika zenyewe, mradi mwendesha mchezo awe na kipaji cha kubuni gharama. Asipokuwa nacho, saa ya pili utasikia "unafaulu, lakini unaumia kidogo" mara tisa mfululizo. Huo ndio udhaifu wa mkondo huu ambao mashabiki wake hawapendi kuusema. Blades in the Dark ya John Harper, 2017, iliupunguza kwa kumlazimisha mwendesha mchezo atamke, kabla ya kurusha, hali ni ya hatari kiasi gani na utapata kiasi gani ukifaulu.

Mimi nikitakiwa kuchagua kati ya hizi mbili kwa kundi nisilolijua, ninauliza swali moja. Mkikutana na mlango uliofungwa, mngependa kuushinda, au mngependa ujue jambo fulani kuwahusu? Wa kwanza waende OSR. Wa pili waende kwa Baker.

Waliotaka kanuni ziseme ukweli

Apocalypse World haikudondoka kutoka mbinguni. Kuanzia 2001 hadi 2012 The Forge, ukumbi wa majadiliano ulioendeshwa na Ron Edwards na Clinton R. Nixon, ulikuwa karakana ya wabunifu wanaojichapia wenyewe. Lalamiko lao lilikuwa kali: kitabu kinakuahidi msiba wa nafsi inayogeuka zimwi, halafu kanuni nyingi zinahusu kupigana, na kikikwama kinakuambia uzipuuze kanuni. Edwards alishikilia kwamba mfumo wa kanuni una maana, na kwamba watu huja mezani kwa ajenda tofauti: kushindana, kuishi ndani ya ulimwengu unaoaminika, au kulikabili swali la kimaadili kwa njia ya hadithi. Nadharia hiyo ilisaidia wengi na kuwaudhi wengi vilevile, na Edwards hakupoza moto pale mwaka 2006 alipodai kwamba michezo fulani ya jadi imewaharibu wachezaji ubongo.

Achana na ugomvi, tazama kazi. Dogs in the Vineyard ya Vincent Baker, 2004, inawafanya wachezaji vijana walinzi wa imani wanaozunguka vijiji. Mzozo unaanza kwa maneno. Ukishindwa kwa maneno unaweza kuongeza dadu kwa kuingiza mwili, halafu ngumi, halafu bastola. Kila ngazi inauliza kama hoja yako inastahili damu. Fiasco ya Jason Morningstar, 2009, haina mwendesha mchezo wala maandalizi: watu watatu hadi watano, jioni moja, mipango mibovu ya watu wenye tamaa, na mwisho mbaya. The Quiet Year ya Avery Alder, 2013, inawapa karata na ramani mnayoichora pamoja.

Michezo hii mingi ni ya jioni moja au chache. Ni mikali, imebanwa, na inafanya jambo moja tu. Ukiwa na kundi la watu wenye ratiba za kuchanika, huo ni uzuri wake. Ukitaka kumkuza mhusika miaka mitatu, utabaki na njaa.

Bila meza, na karibu bila kanuni

Larp ya Kinordiki iko mbali kidogo na meza, lakini imeirudishia meza mengi kiasi kwamba haiwezi kuachwa. Kitovu chake ni Knutepunkt, mkutano ulioanza Oslo mwaka 1997 na unaozunguka kila mwaka kati ya Norwei, Uswidi, Denmark na Finland. Lalamiko lao ni kwamba dadu na alama zinasimama kati ya mchezaji na hisia. Huko ndiko wazo la kucheza ili kushindwa vizuri lilikokomazwa, na ndiko hisia za mhusika kuvuja na kumfikia mchezaji, au za mchezaji kumvujia mhusika, zilikozungumzwa kwa uzito. Denmark ina pia mkutano wa Fastaval, tangu 1986, ambako michezo ya kukaa kitini na ya kusimama huchanganyikana bila mtu kushangaa.

Ichague kama hujawahi kuona haya kulia mbele ya watu, na kama kuna mtu wa kusimamia mazungumzo ya kutua baada ya mchezo. Bila hayo mawili, subiri kwanza.

Kuna pia wale wa FKR (Free Kriegsspiel Revolution, mapinduzi ya mchezo huru wa vita), wanaopunguza kanuni hadi zikaisha, wakichukua mfano wa Verdy du Vernois, afisa wa Prussia ambaye mwaka 1876 alipendekeza mchezo wa vita uamuliwe na mwamuzi mzoefu badala ya majedwali. Ni mtamu sana ukimwamini mwendesha mchezo, na hauna msaada wowote ukiwa humwamini.

Mambo ya kupima kabla ya kukaa

Muda wa maandalizi ndio ninaoupima kwanza. Jadi unamlemea mmoja kila wiki. OSR unamlemea mwanzoni, akichora pango, halafu pango linajiendesha kwa vikao vingi. Michezo ya Baker inataka akili iliyochangamka wakati wa kucheza na karibu hakuna kazi kabla. Fiasco haitaki lolote, ila inawachosha wote sawa.

Usalama wa hisia haufungamani na mkondo mmoja. Mipaka na mapazia, yaani mambo yasiyotajwa kabisa na yale yanayotokea nyuma ya pazia, vilitoka kwa Edwards mwaka 2003. Kadi ya X ya John Stavropoulos, ambayo yeyote anaweza kuigusa ili jambo liondolewe bila kujieleza, inafanya kazi hata pangoni.

Gharama ya kuanza isikutishe. Kanuni za Cairn, upande wa OSR, ni za bure. Ironsworn, inayochezeka hata ukiwa peke yako, ni ya bure. Lasers & Feelings ya Harper ni ukurasa mmoja, bure. Hata kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, baada ya Wizards of the Coast kujaribu kuibadili ile leseni huria ya 2000 na jumuiya nzima kuwaka.

Kuchanganya kunawezekana, lakini kuna michanganyiko inayogoma. Vifo vya OSR na historia za kurasa nne haviivi chungu kimoja. Mimi ni shahidi. Kuandaa kisa cha sura saba halafu kutumia dadu za Baker ni kujitafutia maumivu, maana kufikia kikao cha pili dadu zitakuwa zimekichana. Mchanganyiko unaokubali ni mapango ya OSR kwenye kampeni ya jadi: chukua pango lililoandikwa vizuri, lipachike katikati ya kisa chako, na acha kwa vikao vitatu ramani iseme badala yako.

Yule aliyecheka hadi machozi bado tunacheza pamoja. Akiendesha yeye, naja na jina la mhusika na ufito wa futi kumi, basi. Nikiendesha mimi, analeta ukurasa mmoja wa historia kama nilivyomwomba, na hadi leo hajaleta hata mmoja usio na kaka aliyefia shimoni.